UZI: Ngoma inayochezwa na mtaa mzima – duara, ngozi, kiitikio, sare, na namna ya kubeba madai ya wananchi

MpigaVumi

Wakuu, habari za humu. Swali linajirudia kila mahali penye vikundi: ngoma inalia vizuri, waimbaji wapo, ujumbe ni mzito, lakini wananchi wamesimama pembeni na simu mkononi. Uzi huu ni wa ngoma ya kuchezwa, si ya kutazamwa. Wajuzi wa Tanga, Unguja, Kilifi, Usukumani na kwingineko mwageni ujuzi, na tafadhali tutaje vipimo na sababu.

Msimamo wangu ni huu: mtu haingii duarani kwa sababu ujumbe umemgusa. Anaingia kwa sababu ameona nafasi yake, anajua la kuitikia, na mguu wake unaimudu hatua. Hayo matatu yakikamilika ndipo ujumbe unapata pa kukaa.

Nafasi kwanza. Kila mchezaji anahitaji kama sentimita 80 za mzingo. Watu 40 wanataka mzingo wa mita 32, yaani duara lenye upana wa mita 10 hivi. Chora kwa kamba ya mita 5 kutoka katikati, umwage majivu au chokaa. Watu wakifika 60 upana ni mita 15, na hapo ndipo pa kuanza duara la pili ndani ya la kwanza. Usiliache moja liendelee kutanuka. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Duara la watu 100 lina upana wa mita 25, na walio upande wa pili watakusikia umechelewa kwa sehemu 7 za mia ya sekunde. Ni kidogo, lakini sikio la mpigaji linakamata, na kiitikio kinaanza kuburutana. Kwa sababu hiyohiyo wapigaji wakae katikati, sawa kwa kila upande, na si kwenye ukingo mmoja. Wakikaa ukingoni, walio mbali nao hugeuka watazamaji ndani ya dakika chache. Jukwaa msiliweke kabisa, hata la urefu wa tofali moja.

Pili, kiitikio. Maneno mawili hadi manne, na sauti zisizidi tano kutoka ya chini hadi ya juu, ili bibi na mtoto wa darasa la pili waimbe pamoja. Manju, yaani kiongozi wa wimbo, arudie kiitikio peke yake mara nne kabla ya ubeti wa kwanza. Kosa la kawaida: manju anaanzia juu kwa sababu ya msisimko, na baada ya dakika kumi sauti za watu zimekatika. Mwanzishaji awe mtu wa sauti ya chini. Manju aliyechangamka apokee baadaye.

Tatu, kasi na hatua. Anzeni mapigo 90 hadi 100 kwa dakika, mkae hapo robo saa nzima, kisha pandeni taratibu hadi 120 au 130. Hatua ya msingi iwe moja: kulia, kushoto, kulia, gusa. Mafundi wapambe juu yake wanavyotaka, lakini wasiibadilishe miguuni. Kasi ikipanda na wazee wakaanza kutoka, vumi (mpigaji wa ngoma kubwa) arudishe chini. Asingoje wimbo uishe.

Kwa midundo ya mapigo sita, kama chakacha, wageni hupotea kwa sababu wengine wanakanyaga mbili na wengine tatu. Dawa: vumi apige yale mawili mazito tu kwa dakika tano za mwanzo, chapuo (mpigaji wa ngoma ndogo) ndiye apasue. Miguu ikishakubaliana, vumi awe huru.

Nawasilisha.

FundiWambizi

Shukrani mkuu. Naongeza upande wa vyombo, maana vikundi vingi vinavunjika moyo kwa sababu ya ngozi.

Kwa watu 40 hadi 60 ngoma tatu zinatosha: vumi, chapuo na msondo (ngoma ndefu). Ongezeni upatu mmoja wa kugonga na kayamba mbili. Zikizidi hapo mnaua sauti za watu, na sauti za watu ndiyo ngoma yenyewe. Kipimo ni rahisi: simama kwenye ukingo wa duara, kama husikii jirani yako akiitikia, punguza chombo.

Ngozi ya mbuzi kwa chapuo, ya ng'ombe kwa vumi. Iloweke usiku mzima, iwambe ikiwa mbichi, ikauke kivulini siku mbili hadi tatu. Ikikaushwa juani, upande uliopigwa na jua hukaza kabla ya mwingine na ngoma inakuwa na sauti mbili; hapo hakuna dawa ila kulowesha upya. Matundu ya kamba yasikaribie ukingo wa ngozi, acha vidole viwili, la sivyo ngozi inachanika inapokaza.

Pwani adui ni umande. Ngoma iliyokaa sawa saa kumi jioni inalegea saa mbili usiku. Ipashe moto kwa nyasi kavu au maboksi, umbali wa mkono mmoja na nusu kutoka kwenye mwali, ukiizungusha muda wote kwa dakika tano hadi kumi. Makaa yaliyotulia yanadanganya: huoni mwali, unasogeza karibu, ngozi inakakamaa na kupasuka pale inapokutana na mti. Na kila ngoma iwe na zamu yake. Ngoma zote tatu zikipelekwa motoni pamoja duara linakufa, na watu wakishaondoka hawarudi. Vumi aende peke yake huku chapuo na makofi vikishikilia wimbo.

Msondo ukilia juu mno, bandika kibonge kidogo cha nta katikati ya ngozi. Sauti inashuka na kuwa nzito. Ukitaka ipande, banua.

Kwa wasio na ngoma kabisa: kidumbak ya Unguja imewafundisha wengi kwamba vyombo vidogo vinatosha. Ni vingoma viwili vya udongo, sanduku la uzi mmoja la kutoa besi, cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na fidla, na harusi nzima inasimama. Dumu la lita 20 linafanya kazi ya chapuo bila shida. Kazi ya vumi haliiwezi, kwa sababu halina mvumo wa chini, na miguu ya watu hufuata mvumo wa chini. Tafuteni pipa kubwa la plastiki, mlipige kwa gongo lililofungwa kitambaa.

MjukuuWaTanga

Shikamooni wakubwa. Uzi umekuja wakati wake. Naomba ufafanuzi: tuna watu 15, msondo mmoja na madumu. Mtaa una kisima cha mradi, wananchi wanachangia kila mwezi lakini kamati haisomi mapato na matumizi. Tunataka ngoma ibebe hoja hiyo. Tuanze na mashairi au tuanze na ngoma?

MpigaVumi

Marahaba mjukuu. Anzeni na kiitikio. Madai yote yabanwe katika maneno ambayo mtu anaweza kuyasema hata akiwa hajui kisa. Kwenu ninyi ni "Daftari lisomwe!" Maneno mawili, hakuna jina la mtu, hakuna tusi, na mwenyekiti wa kamati mwenyewe akipita anaweza kuitikia bila kuona aibu. Hilo la mwisho ni la maana sana. Kiitikio kinachomtaja mtu humfungia nje, na ndugu zake wote hutoka duarani pamoja naye. Mtaani kila mtu ni shemeji wa mtu.

Beti za manju ndizo zibebe kisa. Mfano:

*Ndoo zimejipanga tangu alfajiri* – Daftari lisomwe!
*Mchango tumetoa, mwezi haukupita* – Daftari lisomwe!
*Pampu imenyamaza, fundi hajaitwa* – Daftari lisomwe!
*Hatutafuti ugomvi, twataka hesabu* – Daftari lisomwe!

Angalia kila mstari ni jambo linaloonekana: ndoo, mchango, pampu. "Uwajibikaji" na "utawala bora" haviimbiki. Mstari ukiwa na neno ambalo mama anayechota maji hasemi akiwa kisimani, utoe.

Tuni tumieni ambayo watu wanaijua tayari, ya harusini, ya jandoni, ya kubembea watoto. Tuni mpya na maneno mapya kwa pamoja ni mzigo mara mbili. Ila pimeni: tuni ya msibani au ya ibada msiiguse bila kuuliza wenyewe, na tuni za unyago hazitoki nje.

Watu 15 wanatosha, lakini msikae pamoja. Wanne wapige, mmoja awe manju, mwingine msaidizi wake, waliobaki tisa watawanyike kwenye duara, mmoja kila baada ya watu wanne au watano. Kazi yao ni kuitikia kwa sauti na kukanyaga hatua ya msingi bila mapambo. Mgeni akipotea, awe na mtu wa kumtazama asiye mbali. Kikundi kikikaa upande mmoja na sare zake, tayari kimeshakuwa kwaya na wengine ni hadhira.

Wimbo mmoja uende dakika 12 hadi 20. Kisha ngoma zishuke bila kunyamaza, vumi abaki peke yake chinichini, na mtu mmoja aseme hoja kwa dakika mbili: nini kinatakiwa, kwa nani, lini. Zikizidi mbili watu wanakaa chini. Kisha ngoma irudi.

BintiLelemama

Asante kaka MpigaVumi, lakini hapo umeuelezea wimbo na kuliacha jambo kubwa. Ngoma za pwani hazikuwahi kuwa nyimbo tu. Zilikuwa vyama.

Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake wa Dar es Salaam, aliyefanya kazi hiyo alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma. Hakuanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba kutafuta mtu mmojammoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, na kila kiongozi alikuja na watu wake, kwa sababu tayari walikuwa na orodha, ada, mahali pa kukutania na heshima ya kuitana. Maelfu waliingia chamani kwa njia hiyo. Wimbo uliwachangamsha; utaratibu wa chama ndio uliowabeba.

Kabla yao kulikuwa na beni, ngoma ya kuigiza bendi za kijeshi, iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa hadi Tanganyika na mbali zaidi. Wapinzani wakubwa wa beni, Marini na Arinoti, walishindana kwa mavazi na gwaride, wakawa na wafalme na majenerali wao, lakini ndani yake mgonjwa alitazamwa na maiti ilizikwa. Wachimbaji wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) walipogoma mwaka 1935, tume ya wakoloni iliwahoji watu kuhusu vyama vya mbeni (beni ilivyoitwa huko), maana serikali ilijua kwamba wachezaji hao wanafahamiana kutoka mgodi hadi mgodi. Mombasa nako, vyama vya lelemama (ngoma ya wanawake) viliwakutanisha wanawake wa asili mbalimbali, na miaka ya 1950 waliokuwa wamezoea kuongoza humo ndio waliokuwa mbele katika vyama vya kudai elimu ya wanawake.

Kwa hiyo mjukuu, kabla ya kushika msondo, kaeni mpange haya. Daftari la majina, lenye jina la mtu wa kuitwa mwanachama akiugua. Kijumbe wa kukusanya, na mtu mwingine wa kutunza; asiwe mmoja. Ada ndogo ambayo aliye na hali duni kuliko wote anaweza kuitoa bila kukopa, inayogawanywa mara mbili: nusu ya ngoma, nusu ya shida na raha. Na hesabu zenu zisomwe kila mnapokutana, kwa sauti, mbele ya watoto. Mtadai vipi daftari la kisima lisomwe na lenu limefungwa kabatini?

Kinachovunja vikundi hivi mara nyingi ni misiba miwili ikifuatana. Mfuko unakauka, wa tatu hapati kitu, familia yake inajitoa na ukoo mzima. Wekeni kiwango cha mkono wa pole mapema, kiwe kidogo, kisibadilike kwa ukubwa wa mtu.

MamaSare

Dada yangu BintiLelemama umemaliza kila kitu ila sare na watoto.

Sare ni heshima na ni mtego. Kikundi kinachobadili vitenge kila shughuli kinawatoa maskini kimyakimya. Hawasemi kwamba wameshindwa, wanasema wana safari. Tumieni kanga ambayo mtu anayo, mkubaliane rangi tu, au kitambaa kimoja cha kichwani. Doti moja ya kanga ina vipande viwili, basi watu wawili wanaweza kugawana. Sare kamili ibaki kwa siku moja ya mwaka.

Saa: anzeni saa kumi na nusu jioni. Watoto nusu saa ya kwanza, kwa nyimbo zao na kasi yao, na wazee wakae kwenye viti ndani ya mstari wa duara, wasitupwe nyuma. Mzee akiwa ndani anapiga makofi, anaitikia, anasahihisha maneno, na hiyo ni kucheza. Akiwekwa nyuma anaondoka kabla ya magharibi. Adhana ikikaribia simamisheni dakika kumi kabla, bila kungoja kuambiwa. Mkirudi baada ya isha, watoto wadogo wameshapelekwa nyumbani na nyimbo zinaweza kuwa ndefu zaidi. Saa nne usiku malizeni. Ngoma ya kukesha mtaani inaleta ulevi, majirani wenye wagonjwa wanalalamika, na hoja yenu inageuka kuwa kesi ya kelele.

Mtoto wa miaka minne hadi sita mpeni kayamba au makofi. Wa miaka saba na kuendelea aanze kushika chapuo, akikaa kando ya mpigaji na kupiga kwenye goti lake mwenyewe pigo lilelile kabla ya kugusa ngozi. Akishaweza kuzungumza huku goti linapiga, yuko tayari.

Na jingine. Kuna ngoma za wanawake watupu, na unyago ni wa wanaoufundisha na mwali. Humo hakuna simu. Somo (mwalimu wa unyago) akisema kitu kisitoke, hakitoki, hata kama kampeni ingependeza nacho. Picha ya duara la wazi ipigwe kwa idhini iliyoombwa mwanzoni kwa sauti, na atakayesema hapana apewe nafasi upande ambao hapigwi picha.

KayambaKilifi

Salamu kutoka huku kwetu. Tafadhali msisahau upande wa sheria, kwani ngoma nyingi zinavunjwa kwa karatasi.

Kenya: ngoma ya burudani tupu ni jambo jingine, lakini ikishabeba madai hadharani au ikitembea barabarani, andikieni notisi afisa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo. Sheria ya utulivu wa umma inataka notisi isiyopungua siku 3 na isiyozidi siku 14 kabla ya tarehe, yenye jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, mahali au njia mtakayopita, na saa ziwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Wengi hukosea kwa kupeleka barua mwezi mmoja mapema wakidhani ni hekima; iko nje ya muda. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri, awe nayo mtu mtulivu asiyecheza siku hiyo. Mkitumia vipaza sauti, kibali cha kelele ni kingine, kinaombwa kando.

Tanzania wenzangu mtanisahihisha.

MpigaVumi

@KayambaKilifi uko sawa. Bongo taarifa ya mkutano au maandamano hupelekwa kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Kwa ngoma ya mtaani anzeni na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na kikundi kinachoonyesha sanaa hadharani kinatakiwa kusajiliwa Basata (Baraza la Sanaa la Taifa). Anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Msipange njia inayopita mbele ya hospitali wala kituo cha daladala saa za msongamano.

KayambaKilifi

Ahsante ndugu. Na neno la Kamiriithu, Limuru, huku Kenya, kwa sababu linahusu swali la mjukuu. Mwaka 1977 wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi na kufanya mchezo wao wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma nyingi. Mazoezi yalikuwa hadharani: wazee walisahihisha hatua, wafanyakazi wa mashambani na viwandani walisahihisha maneno yanayowahusu, na mchezo ulipoanza rasmi wengi kijijini walikuwa wanaujua. Serikali ilifuta kibali mwezi Novemba mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wa mchezo huo, akakamatwa mwisho wa Desemba, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Jengo lilikwenda, lakini njia ya mazoezi ya wazi ni ya kuigwa leo: fanyeni mazoezi pale kisimani, si chumbani. Mtu aliyesahihisha mstari mmoja atakuja siku ya ngoma, na atakuja na nyumba yake.

Pia watazameni isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma, na hiyohiyo inachezwa mtoto akizaliwa, harusini na msibani. UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa inachezwa kwa nadra zaidi na vijana hawairithi vya kutosha. Ngoma inayotolewa siku ya kampeni tu itakuwa na tatizo hilohilo. Hiyo ya kisima ipigwe pia mwanafunzi akifaulu na bibi akitoka hospitali.

ManjuWaBugobogobo

Wanapwani mnasema sana ada na kanga, ngoja na bara tuseme. Kwetu Usukumani bugobogobo inachezwa na majembe. Chanzo chake ni kulima pamoja: mstari wa wakulima, ngoma nyuma yao, na jembe linashuka pamoja na pigo. Faida yake kwa wanaharakati ni kwamba kazi yenyewe inaonekana. Kama shida ya mtaa ni mtaro ulioziba, chezeni ngoma mkizibua mtaro. Nusu saa ya kuzibua, robo saa ya duara, kisha mnarudi. Anayepita akiona mtaro umesafishwa haulizi hawa ni wa chama gani.

Kwenye kazi kasi ni tofauti. Jembe halivumilii zaidi ya mapigo 40 hadi 50 ya kushuka kwa dakika, na lazima kuwe na nafasi ya mita moja na nusu kati ya mtu na mtu. Mpigaji akinogewa akapandisha, watu wanaanza kukosea na kuumia miguu. Manju atazame mabega: yakishaanza kupishana, ashushe.

Kuhusu mashindano: Bagika na Bagalu, vyama viwili pinzani vya ngoma vya Wasukuma, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, baada ya mavuno, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Hakuna jaji wa mezani. Mkiwa na mitaa miwili inayovutana, pangeni hivyo. Kipimo ni miguu ya watu. Jaji mkimweka mezani na karatasi, wachezaji watamgeukia yeye na migongo wataipa jamii.

Onyo moja. Mashindano ya mafumbo na vijembe yakivuka mipaka yanaingia kwenye nasaba na ugonjwa wa mtu. Viongozi wa pande zote mbili wakubaliane mambo matatu yasiyoimbwa kabla ya ngoma kupashwa moto, na atakayevunja ngoma yake inyamaze wimbo mzima.

Sauti_ya_Kaya

Nakubaliana na mengi, ila kwenye vipaza sauti naona mnabana. Mtaa una bajaji, baa na jenereta. Bila maiki manju hasikiki.

FundiWambizi

@Sauti_ya_Kaya hoja ina uzito. Tofauti ni maiki iko kwa nani. Manju akiwa na maiki na waitikiaji hawana, yeye anakuwa mkubwa mara kumi na kiitikio kinaonekana dhaifu. Watu wanaona aibu ya sauti zao na wananyamaza. Kama lazima, spika moja ndogo, katikati, ikitazama juu, na maiki itumike kwa zile dakika mbili za hoja tu. Wakati wa wimbo manju azunguke ndani ya duara akiimbia watu watano watano usoni. Kelele ikizidi hamisheni uwanja nyuma ya nyumba. Ukuta wa tofali nyuma yenu unarudisha sauti bure.

Sauti_ya_Kaya

Hapo nimeelewa mkuu. Na wafadhili je? Mradi unakuja na fulana, mada na posho.

BintiLelemama

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Posho ya kucheza ina madhara yanayojulikana: waliolipwa wanacheza, wasiolipwa wanatazama, na mradi ukiisha hakuna anayecheza bila posho. Mfadhili akitaka kusaidia, apokelewe kwa ngozi, nauli ya wazee, viti, maji ya kunywa. Mada isipokelewe ikiwa imeandikwa tayari. Na mwanasiasa akiingia duarani kutunza, noti ziende kwenye kapu mbele ya wote, kijumbe ataje kiasi kwa sauti, manju asimuimbie jina. Wimbo ukishamtaja mgombea mmoja, nusu ya duara imeondoka.

MjukuuWaTanga

Nawashukuru sana wakubwa. Swali la mwisho: kamati ikikubali kusoma daftari, ngoma inafanya nini siku hiyo?

MpigaVumi

Inapigwa, tena siku hiyo ndiyo msikose. Duara lilelile, kamati katikati kwa wapigaji, wakae kwenye viti kama wazee. Wimbo mmoja wa dakika kumi wa kukusanya watu, kiitikio kile kile, ila beti zibadilike ziwe za kukaribisha. Kisha ngoma zinyamaze kabisa, maana namba hazisikiki juu ya vumi. Msomaji asome mapato, matumizi na salio, na baada ya kila fungu wasubiri maswali. Mmoja wenu aandike kiasi kilichotajwa kwenye karatasi kubwa ukutani, kwa wino mnene, ili wasiosikia vizuri wasome na wasiosoma waulize jirani.

Salio likipungua kuliko mlivyotarajia, manju asishike wimbo. Watu wakiwa na hasira na ngoma ikapigwa, hasira inapata miguu. Maliza kwa tarehe ya kusoma tena, iandikwe palepale chini ya salio, ndipo chapuo aanze.

MamaSare

Na watoto wawe wameshakula kabla. Hesabu za kisima huchukua muda mrefu kuliko wimbo.